Gharama za Bima na Haki ya Majeruhi



Kwenye kioo cha mbele cha minibasi zinazochukua abiria kutoka Area 25 kuingia katikati ya jiji la Lilongwe, sheria ya Malawi inataka vionekane vipande viwili vya karatasi. Kimoja chathibitisha kwamba gari limekaguliwa na lafaa kwenda barabarani. Kingine chathibitisha kwamba limekatiwa bima. Askari wa usalama barabarani aliyesimama Kanengo, au kwenye njia inayopanda kuelekea Dowa, huvitazama kwa nukta chache tu, kisha humruhusu dereva aende zake. Kwa askari, kazi imekwisha. Kwa mwenye gari, kile kipande cha pili ni fedha nyingi alizozitoa kwa shingo upande. Na kwa abiria aliyebanwa kiti cha nyuma na gunia lake la maharagwe, ni ahadi pekee aliyo nayo kwamba akivunjika mguu njiani, yuko atakayemlipa.

Mazungumzo ya leo yanahusu bei ya ahadi hiyo. Katika nchi nyingi za Afrika ya Mashariki na ya Kusini, serikali zimejaribu kuishusha kwa njia ya sheria. Baadhi ya sheria hizo zimefanya kazi, na nyingine zimeshusha bei kwa kuipunguza ahadi yenyewe. Tofauti kati ya hizo mbili yafaa ieleweke vizuri makambini na vituoni, kwa sababu mengi yanayoamua gharama ya bima hayatokei ofisini kwa shirika la bima. Hutokea barabarani, mbele ya askari mwenye daftari.

Bima ya lazima kwa ajili ya mtu wa tatu, yaani mtu anayeumizwa na gari lisilokuwa lake, ilianzishwa Uingereza kwa sheria ya usalama barabarani ya mwaka 1930. Wakoloni wakaileta huku. Kenya na Tanganyika zilipata sheria zao mwaka 1945, na Malawi leo yaongozwa na sheria yake ya usalama barabarani ya mwaka 1997. Msingi ni mmoja kote: hapana ruhusa kuendesha gari katika barabara ya watu wote bila ya kuwapo mtu mwenye uwezo wa kulipia madhara yake. Dereva wa kukodiwa hana uwezo huo. Mwenye gari moja kuukuu aghalabu hana. Kwa hiyo wenye magari wote huchanga, na mfuko wa wote humlipa aliyeumia.

Mfuko huo ukiwa mkubwa, mchango huwa mkubwa. Basi ni nini kinachoukuza? Wenye magari husema ni tamaa ya mashirika ya bima. Mashirika husema ni mawakili na majaji. Mawakili nao husema ni mashirika yanayokataa kulipa mpaka yapelekwe mahakamani. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli, na kila mmoja huisahau sehemu yake mwenyewe. Lakini yako pia mambo yasiyokuwa ya mtu yeyote kati yao. Mwezi Mei 2012 mno si mbali kukumbukwa na wafanyabiashara wa Lilongwe. Mwaka 2012 kwacha ya Malawi ilishushwa thamani kutoka karibu 168 hadi 250 kwa dola moja ya Marekani, na mwezi Novemba 2023 ikashushwa tena kutoka karibu 1,180 hadi 1,700. Taa ya gari, kioo na bampa haviundwi Lilongwe. Siku kwacha inaposhuka, gharama ya kutengeneza gari lililogongwa hupanda siku hiyo hiyo, na hapana sheria ya bima inayoweza kulizuia hilo.

Njia ambayo serikali huikimbilia kwanza ni kuweka kikomo cha fidia. Uganda ilifanya hivyo katika sheria yake ya mwaka 1989: kwa mtu mmoja aliyeumia au kufa, shirika la bima lisidaiwe zaidi ya shilingi milioni 1 za Uganda. Wakati huo dola moja ilikuwa ikiuzwa kwa mamia ya shilingi, na milioni moja ilikuwa fedha ya kumwezesha mjane kuanza maisha. Miaka zaidi ya thelathini ikapita, dola ikafika zaidi ya shilingi elfu tatu, na kikomo kikabaki pale pale. Bima ya mtu wa tatu ikawa rahisi kweli kweli. Lakini wengi wa wale waliopaswa kunufaika nayo hawakuona sababu ya kuhangaika kuidai, maana nauli za kwenda na kurudi kufuatilia, na gharama ya vyeti vya daktari, zingekula sehemu kubwa ya hicho walichotarajia. Hiyo ndiyo hila ya kikomo kilichoandikwa kwa tarakimu ndani ya sheria. Bunge huamua mara moja, kisha mfumuko wa bei huendelea kuamua kila mwaka bila ya kupiga kura.

Kenya imepita njia ndefu zaidi, nayo yastahili kutazamwa kwa makini.

Matatu za Kenya zilikuwa zikiyaua mashirika ya bima. Hayo si maneno ya mzaha. Shirika la serikali la Kenya National Assurance lilianguka mwaka 1996. United Insurance, lililokuwa na magari mengi ya abiria, likawekwa chini ya msimamizi mwaka 2005. Standard Assurance likafuata mwaka 2009, na Blue Shield mwaka 2011. Shirika moja linapoanguka, waliokuwa wakilidai hubaki na hukumu za mahakama zisizoweza kununua hata dawa. Mwenye matatu naye, aliyekwisha kulipa bima yake kwa uaminifu, hujikuta akifuatwa na madalali wa mahakama kwa deni alilodhani ni la shirika.

Serikali ya Kenya ikaingilia kati kwa njia kadhaa kwa nyakati mbalimbali. Katika sheria yake ya bima ya magari iliweka kikomo cha shilingi milioni 3 za Kenya kwa kila mtu aliyeumia; kinachozidi hapo hudaiwa kwa mwenye gari mwenyewe. Halafu mwaka 2013 Bunge likapitisha marekebisho yaliyokuja na jedwali: kila jeraha lilipangiwa sehemu yake ya asilimia katika zile milioni 3, ili mtu aliyepoteza kidole na mtu aliyepoteza mkono wajue mapema wanastahili nini, na ili jaji mmoja asitoe mara mbili ya kile alichotoa jaji mwenzake kwa jeraha lile lile. Hoja ya serikali ilikuwa na uzito. Shirika la bima lisiloweza kukadiria litalipa nini mwaka ujao hutoza bei ya woga, na bei ya woga siku zote ni kubwa.

Chama cha Mawakili cha Kenya kikaipinga sheria hiyo mahakamani, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ikatengua baadhi ya vifungu vyake. Ni rahisi kuwacheka mawakili na kusema walikuwa wakitetea matumbo yao, na pengine wapo waliokuwa wakifanya hivyo. Lakini swali lililoulizwa lilikuwa la haki. Kidole cha fundi cherehani si sawa na kidole cha mwimbaji. Mguu wa askari wa doria si sawa na mguu wa karani anayeketi. Jedwali haliwezi kuijua kazi ya mtu, wala idadi ya watoto anaowalisha kwa mguu huo. Jaji anaweza kuyajua hayo, kama akipewa nafasi ya kuuliza.

Hatua mbili nyingine za Kenya hazikupigiwa kelele nyingi kama jedwali, ilhali ndizo zilizogusa mzizi. Ya kwanza ni kanuni zilizoanza kutumika tarehe 1 Februari 2004, zilizopewa na wananchi jina la waziri aliyezisimamia, John Michuki. Mikanda kwa kila abiria, kidhibiti mwendo kisichoruhusu kupita kilomita 80 kwa saa, na idadi ya abiria iliyowekwa wazi. Kwa jina, kanuni hizo hazikuwa za bima. Kwa matokeo zilikuwa za bima kuliko sheria nyingi za bima, kwa kuwa fidia iliyo rahisi kupita zote ni ile ya ajali isiyotokea. Zilifaa kwa kadiri zilivyosimamiwa. Usimamizi ulipolegea, mikanda ikafungwa askari anapoonekana na kufunguliwa akipitwa.

Ya pili ni kitengo cha kupeleleza udanganyifu katika bima, kilichoundwa mwaka 2011 ndani ya mamlaka ya kusimamia bima ya Kenya na kupewa askari wapelelezi kutoka polisi. Walichokuta hakikuwa kigeni kwa polisi yeyote. Abiria hewa: watu ambao hawakuwamo garini siku ya ajali lakini majina yao yamo katika madai. Matatu ya viti 14 iliyopata ajali ikawa na majeruhi wasioweza kutosha hata kama wangepakatana. Vyeti vya daktari vya mifupa ambayo haikuvunjika. Na nyuma ya karibu kila dai la namna hiyo huwa ipo karatasi ya polisi iliyopigwa muhuri halali na kuandikwa maneno ya uongo.

Hapa, ndugu askari, ndipo jambo linapofika mlangoni penu.

Dai la ajali ya barabarani husimama juu ya taarifa ya polisi. Ni nani alikuwa akiendesha, gari lilikuwa upande gani, alama za breki zilianzia wapi, waliokuwamo ni wangapi na majina yao ni nani, namba ya hati ya bima ni ipi na inakwisha lini. Ikiwa askari wa zamu amefika mapema, akapima, akachora ramani na kuandika majina ya majeruhi kabla hawajatawanywa hospitalini, shirika la bima halina mengi ya kubishana. Litalipa baada ya miezi michache, tena bila wakili, au kwa wakili wa barua mbili. Ikiwa taarifa imeandikwa wiki tatu baadaye kwa kubuni, kila neno lake litabishaniwa, shauri litakwenda miaka, riba na gharama za mahakama zitaongezeka juu ya fidia, na mwishoni fedha zote hizo zitarudi kwa wenye magari katika bei ya mwaka unaofuata. Na ikiwa taarifa imeuzwa, basi askari aliyeiuza amewaibia watu ambao hatawaona kamwe: mwenye minibasi wa Area 25, na abiria wake ambaye nauli yake itapandishwa ili kuifidia bima.

Hapana haja ya kulipaka rangi jambo hili. Nchi nyingi za eneo hili zimetunga sheria kali dhidi ya mashirika, dhidi ya mawakili na dhidi ya wenye magari, lakini chache zimejiuliza askari wa usalama barabarani amepewa futi ya kupimia, kamera, na petroli ya kufika kwenye ajali ndani ya saa moja. Askari asiyekuwa na usafiri, anayelazimika kuomba lifti kwa mwenye gari lililogonga, hawezi kulaumiwa peke yake kwa taarifa isiyokamilika. Kumpa vitendea kazi ni hatua ya kupunguza gharama za bima sawasawa na kutunga kifungu cha sheria.

Tanzania ilijaribu njia nyingine kabisa. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, biashara ya bima ilitaifishwa na kukabidhiwa Shirika la Bima la Taifa, lililokuwa limeanzishwa mwaka 1963. Faida haikwenda tena nje ya nchi, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Hata hivyo shirika lililo peke yake halina wa kulikimbiza, na malalamiko ya fidia kuchelewa hayakukoma. Sheria ya mwaka 1996 ikafungua mlango kwa mashirika mengine, na ile ya mwaka 2009 ikaunda mamlaka ya kuyasimamia. Faida iliyo wazi zaidi kwa polisi wa Tanzania imetoka mahali padogo: stika ya bima sasa huweza kuhakikiwa kwa simu, askari akiwa amesimama barabarani. Stika bandia zilikuwa zikiula mfuko pande zote mbili. Mwenye stika bandia hachangi, na akigonga mtu, hapana wa kulipa.

Afrika Kusini imekwenda mbali zaidi kuliko wote. Huko kila anayenunua petroli huchangia mfuko wa taifa wa ajali, na tangu tarehe 1 Agosti 2008 majeruhi hawezi tena kumshtaki dereva aliyemgonga kwa kile ambacho mfuko haukulipa. Fidia ya maumivu nayo hutolewa kwa majeraha makubwa tu. Mahakama ya Katiba iliikubali sheria hiyo mwaka 2010. Mfuko wenyewe umeendelea kuelemewa na madeni, jambo linaloonyesha kwamba hata kuwanyima watu haki ya kushtaki hakutoshi ikiwa ajali ni nyingi na usimamizi wa madai ni dhaifu.

Turudi Lilongwe, maana Malawi ina kifungu kimoja ambacho majirani wangeweza kujifunza kwacho. Kifungu cha 148 cha sheria yake ya usalama barabarani chamruhusu majeruhi kulishtaki shirika la bima moja kwa moja. Kenya, majeruhi humshtaki kwanza dereva au mwenye gari, na akishinda, na shirika likikataa kulipa, hufungua shauri la pili dhidi ya shirika ili litamkwe kwamba lapaswa kuilipa hukumu ile ya kwanza. Mashauri mawili, mawakili wawili, miaka miwili mitatu zaidi, kwa mguu mmoja uliovunjika. Kifungu kifupi cha sheria kinachoondoa shauri zima hushusha gharama bila ya kumpunguzia majeruhi hata senti moja. Usimamizi wa mashirika yenyewe uko mikononi mwa Benki Kuu ya Malawi, chini ya sheria za mwaka 2010 za huduma za fedha na za bima.

Lakini hata kifungu kizuri humfaa anayeweza kukifikia. Katika ufunguzi wa mazungumzo haya alitajwa abiria mwenye gunia la maharagwe. Mtu kama huyo aweza kuwa Mmalawi wa Area 25, na aweza kuwa mkimbizi wa Dzaleka. Makazi ya Dzaleka, wilayani Dowa, yalikuwa gereza kabla ya kufunguliwa kwa wakimbizi mwaka 1994. Yalipangwa kwa watu wapatao elfu kumi hivi. Katika miaka ya karibuni wamezidi 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni. Malawi ilipojiunga na mkataba wa wakimbizi wa mwaka 1951 iliweka masharti yake kuhusu kazi na mahali pa kukaa, na mwaka 2023 serikali iliwarudisha kambini wengi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini, Lilongwe ikiwamo. Askari ndio waliopewa kazi hiyo.

Sheria ya bima haimwulizi majeruhi uraia wake. Yasema mtu yeyote. Hata hivyo mkimbizi aliyevunjika mguu katika minibasi ya kwenda Dzaleka yuko katika hali ngumu ambayo haikuandikwa popote ndani ya sheria hiyo. Hospitali ya serikali humtibu. Baada ya hapo ahitaji nakala ya taarifa ya polisi, na kituo kiko mbali. Ahitaji ruhusa ya kutoka kambini kila shauri linapotajwa Lilongwe. Huogopa kwamba akienda kituoni kudai karatasi, ataulizwa kwanza alikuwa nje ya kambi kwa sababu gani. Kwa hiyo kondakta anapomjia kitandani na noti chache mkononi, huzipokea na kunyamaza. Katika hesabu za shirika la bima hiyo ni gharama iliyopungua. Kwa polisi ni jinai ya uendeshaji mbaya iliyozikwa, na dereva yule yule kesho yumo barabarani na abiria wengine.

Ni jambo lililo katika uwezo wa mkuu wa kituo kuamuru kwamba nakala ya taarifa ya ajali itolewe kwa majeruhi au jamaa yake bila ya maswali mengine, na kwamba majina ya majeruhi yaandikwe hospitalini siku ile ile. Amri ya namna hiyo haihitaji Bunge wala fedha mpya.

Na karatasi hiyo yaweza kusafiri mbali kuliko aliyeiandika. Malori yanayoleta mizigo Lilongwe kutoka bandari ya Dar es Salaam hupita mpaka wa Kasumulu na Songwe yakiwa na Kadi ya Njano, mpango wa bima wa nchi za ukanda huu uliokubaliwa mwaka 1986 na kuanza kazi mwaka 1987. Tanzania ilijitoa katika COMESA mwaka 2000 lakini ikabaki katika mpango huo. Lori la Dar es Salaam likimgonga mtembea kwa miguu karibu na Karonga, ofisi ya mpango huo iliyoko Malawi hushughulikia madai kwa sheria za Malawi, kisha hudai fedha zake kwa shirika la Tanzania lililotoa kadi. Karani wa Dar es Salaam atakayeidhinisha malipo hakuiona barabara, hamjui majeruhi, wala hajui Kichewa. Mezani kwake ipo taarifa moja, yenye ramani iliyochorwa kwa mkono, namba ya lori, namba ya kadi, na sahihi ya askari aliyekuwa zamu Karonga.